Niulize Nilikuwa Nimesimama Wapi

Minza mwanangu,

Umekwenda kusukwa, na mama yako amekufuata kana kwamba msusi ana mpango wa kukuiba. Kwa mtindo mliouchagua hamtarudi kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nimepata nyumba nzima, meza nzima na kalamu inayoandika. Mimi MC, mtu wa kipaza sauti, ninayewanyamazisha watu ukumbi mzima kwenye harusi zao, ndani ya nyumba yangu mwenyewe sijawahi kumaliza sentensi. Leo nitamaliza.

Mambo ya chandarua, ya kutolala na njaa na ya kutopanda bodaboda ya mtu aliyelewa mama yako ameshakuambia, na kesho stendi atakuambia upya. Sina la kuongeza. Barua hii nitaichomeka kwenye begi lako dogo, pembeni ya ile kaseti uliyoniomba. Isome basi likishaondoka Shinyanga na ukishamaliza kulia. Usiniambie hutalia, nakujua.

Nataka kukueleza habari ya ile mechi.

Najua unaijua. Jumatano ulitusomea barazani ulichoandika cha kujitambulisha kwenye kipindi chako cha kwanza cha michezo huko Dar es Salaam. Umesema kazi hii uliipenda tangu ukiwa darasa la kwanza, tulipokuwa tunaishi Masumbwe, siku uliposikia baba yako akitangaza fainali ambayo kipa Shija aliiuza. Ulisoma vizuri, ng'wanawane, mwanangu. Pale kwenye "ameuachia jamani, ameuachia makusudi" uliniigiza sauti mpaka mama yako akacheka machozi. Nami nikapiga makofi. Kisha nikaenda uani nikajifanya naangalia bomba linalovuja, nikakaa huko kitambo, maana nilijisikia vibaya sana.

Minza, Shija hakuiuza ile mechi. Na mimi bao lile sikuliona.

Haya, nimesema. Nilidhani kalamu itagoma.

Sasa nikueleze ilikuwaje, na itabidi nianze na babu yako, ingawa yeye hana kosa. Kila kiangazi tukishavuna pamba alinichukua kwenda kutazama mbina. Wewe ngoma zile umeziona kwenye maonyesho, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Za wakati wetu hazikuwa hivyo. Makundi mawili yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi na manju wake wa kuongoza nyimbo, na watazamaji walikuwa huru kwenda wanakotaka. Huku wakitoa chatu, watu wote mbio huku. Kule wakianza kupandana mabegani, watu wanageuka mbio kule. Refa hakuna. Mwisho wa siku kundi lililobaki na watu wengi ndilo lililoshinda, na hakuna anayebisha. Mimi nilikuwa mfupi, wachezaji sikuwaona hata siku moja. Niliona migongo ya watu. Basi nikawa hodari wa kusoma migongo. Babu yako alikuwa akiniuliza, "Nani anashinda?" nami najibu bila kuona hata unyoya mmoja wa mchezaji, na napatia. Alinisifia sana kwa hilo.

Kipaji hicho ndicho nilichoingia nacho redioni.

Redio yetu pale Masumbwe ilikuwa chumba kimoja na mlingoti. Mechi tulizitangaza kwa simu ya mkononi, na usafiri kila mtangazaji alijijua mwenyewe. Siku ya fainali nilipata usafiri wa kifalme. Mzee Bundala, mwenye timu yetu, alikuja kunichukua nyumbani kwa pikapu yake. Huyu alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, na nusu ya timu walikuwa vibarua wake humo. Shija naye alikuwa mtu wa winchi pale, anayezungusha mpini wa kuwateremsha wenzake shimoni kwa kamba na kuwapandisha. Tukapita kwanza kwa mzee, tukala wali na mbuzi, nikanawishwa mikono kama mkwe. Uwanjani akaegesha pikapu nyuma ya goli la upande wa soko, akanipandisha juu, naye na jamaa zake wakapanda kunizunguka. Nilijiona mkubwa. Hakuna mtangazaji wa Masumbwe aliyewahi kuwa juu kiasi kile.

Kipindi cha kwanza Shija alisimama goli la karibu nasi. Niliona kwamba kila mpira anaupiga ngumi badala ya kuudaka, yeye ambaye siku zote alidaka mipira kama anachuma maembe. Nilitakiwa kujiuliza. Sikujiuliza, nilikuwa nimeshiba.

Kipindi cha pili akahamia goli la upande wa shule, na upepo wa kiangazi ukaanza kulivuta vumbi la uwanja wote. Zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga, na mimi naona vumbi. Halafu nikaona migongo. Watu wote wanakimbilia goli la shule, wageni wanarukaruka. Mzee Bundala akaniinamia sikioni akasema, "Ameuza huyo. Ameuachia makusudi." Nami, mtoto wa mbina, niliyefundishwa kwamba ukweli uko watu walikokimbilia, nikalipokea neno lake na kulirusha hewani halijapoa. Nikaliongezea na "jamani" yangu, nikaliongezea na kilio. Mama yako nyumbani akabonyeza kile kitufe chekundu cha redio kaseti, akarekodi juu ya nyimbo za kwaya. Ndiyo maana ukiisikiliza mpaka mwisho, Shija akishauza mechi wanaingia waimbaji wa soprano.

Wewe unakumbuka yaliyofuata upande wetu. Nilivyokuwa nasimamishwa barabarani niigize tena, nilivyopewa kipindi changu mwenyewe, ulivyotamba shuleni. Ya upande wa pili hukuambiwa. Kesho yake asubuhi Shija alikwenda kwenye winchi kama kawaida, na hakuna aliyekubali kushuka. Siwalaumu wale wachimbaji. Redio imekuambia huyu amewauza wenzake uwanjani, je, utamkabidhi kamba uliyoning'inia? Walisimama tu pale mpaka yeye mwenyewe akaelewa, akauacha mpini.

Wiki mbili baadaye nilimkuta stendi, ana godoro limefungwa kamba, anarudi kwao Samuye. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji, vidole viwili vimevimba kama ndizi mbivu. Akaniona kabla sijamkwepa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeumia?"

"Winchi. Mpini uliniponda Jumatano ile, kabla ya fainali. Nilimwonyesha mzee, akasema nivae glavu."

Alisema hivyo tu, bila hasira. Nami, Minza, nikaelewa yote papo hapo. Nikaelewa kwa nini alikuwa anapiga ngumi, na kwa nini Mzee Bundala aliwahi kusema "ameuza" kabla watu hawajauliza ni nani aliyempanga kipa mwenye vidole vilivyovunjika. Nikasema "pole", kisha nikageuka kununua karanga ambazo sikuzihitaji. Nilipogeuka tena alikuwa ameshapanda.

Hilo ndilo kosa ninalokuungamia. Lile la uwanjani lilikuwa la kijinga, na mjinga husamehewa. Hili la karanga nililifanya nikiwa najua. Kesho yake nilikuwa na kipindi, na kipaza sauti kilikuwa mbele yangu, na ningeweza kusema kwa maneno machache tu. Sikusema. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na kila siku ilipoongezeka ilizidi kuwa aibu kueleza kwa nini sikusema jana. Mwishoni nikaona ni heri niwe MC, kwa sababu kwenye harusi kila mtu anajua kuwa unasifia pande zote na hakuna anayekuamini.

Na hapa nyumbani, unajua tulivyofanya. Kikombe kikidondoka, mtu anaitwa Shija. Sufuria ikiteleza, "Shija huyo." Mimi mwenyewe nimecheka. Umekua ukilisikia jina la mtu mwema kama jina la uzembe, na baba yako amekaa hapo mezani anakunywa uji.

Ulipomaliza kusoma Jumatano niliona wazi kwamba sasa jambo hili linaondoka Masumbwe na Shinyanga, linakwenda kusikika nchi nzima, tena kwa sauti yako. Basi juzi nilipowaambia nina kikao cha harusi, sikuwa na kikao. Nilikwenda Samuye na sukari na sabuni.

Nilimkuta zizini anakamua. Vidole vile viwili vilipona vibaya, vimepinda, kwa hiyo anakamua kwa vitatu. Nikamsalimu, mwangaluka, akageuka, na uso wake ukanifahamu taratibu.

"Baba Minza! Shikamoo, kaka."

Ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi. Nikaitikia, nikaletewa kigoda, nikauliza habari za mvua na za ng'ombe mpaka maneno yakaniishia.

"Nimekuja kwa ajili ya lile bao," nikasema.

"Bao lipi? Mimi nilifungwa mengi."

"La fainali."

Akacheka, akaweka kibuyu chini. "Bao lenyewe silikumbuki sana. Ninachokikumbuka ni wewe. Kulikuwa na mzee mmoja nyuma ya goli ana redio sikioni. Nilikuwa bado nauokota mpira wavuni, nikasikia redioni kwamba nimeuza."

Sikujua hilo, Minza. Miaka yote hii sikujua kwamba alinisikia akiwa ameinama.

Akaniuliza, "Hivi wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Juu ya pikapu ya Mzee Bundala."

"Upande wa soko?"

"Upande wa soko."

"Mimi nilikuwa upande wa shule. Na vumbi lile."

"Na vumbi lile."

"Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona. Na siku ile stendi mkono wako niliuona, nikanyamaza. Nimekuja kukuomba msamaha."

Aligeukia jikoni akaita, "Mama Limi, njoo usikie. Anasema hakuona." Alisema kwa furaha ya mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyepotea. Mkewe akatoka, mikono ina unga, akasimama mbele yangu akasema, "Shemeji, rudia." Nikarudia. Akaniomba nirudie tena. Mara ya tatu alikaa chini palepale, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya unga, akasema basi leo tutakula kuku. Tulikula, tulicheka, na nikapewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo mama yako ameshaipakia kwenye begi lako kubwa nawe ukidhani inatoka sokoni.

Kuna jambo walinieleza tukila. Limi, binti yao, ni kipa wa timu ya wasichana shuleni kwake, na ni hodari. Lakini mpira ukimpita, watu wa pembeni husema ameirithi kazi ya baba yake. Shija alinisindikiza mpaka barabarani, na nilipomuuliza nifanye nini alisema, "Kwangu mimi umeshamaliza, kaka. Lakini lile lilisemwa na redio. Na hili liseme redio."

Mimi redio sina tena. Wewe unayo.

Najua utaniuliza, sasa baba, nikifika huko nitamwamini nani? Utakaa meza moja na watangazaji wenye majina, na utawasikia wakisema mambo kwa uhakika kama niliokuwa nao mimi juu ya pikapu. Usinichukulie mimi kuwa kipimo cha wote. Unamkumbuka Zakaria, tuliyekuwa naye redioni, yule mwenye skafu? Alikuwa mshabiki wa timu ya kwao mpaka aibu, skafu haivui hata joto likiwa kali, na siku ya mechi yao haongei na mtu. Nilikuwa namcheka kwamba mwandishi gani huyu. Lakini timu yake ikicheza hovyo, alisema imecheza hovyo, na sauti inamtetemeka. Na siku moja alianza taarifa yake hivi: "Jana nilimtaja mfungaji siye. Nilikuwa mbali, nikakisia. Mfungaji ni fulani, na ninamwomba radhi." Kisha akaendelea na matokeo kama hakuna kilichotokea. Mimi ambaye sikuwa na skafu, niliyejiita mtu wa katikati, nilikuwa nimebeba tumbo limejaa mbuzi wa Mzee Bundala. Ushabiki wa Zakaria kila mtu aliuona na kuupunguzia uzito wake. Wangu hakuuona mtu, hata mimi.

Kwa hiyo mtu mwenye skafu asikutishe. Mimi siku hizi ninapomsikiliza mtangazaji nasubiri kitu kimoja, kama atawahi kusema jambo linalomuumiza yeye mwenyewe au aliyemleta. Nikisikia "watu wanasema", najua anasoma migongo. Siku hizi hata migongo imehamia kwenye simu. Wanakimbilia kipande cha video walichotumiwa, na hakuna anayeuliza aliyekipiga alikuwa kona gani. Mara nyingi si waongo. Wengi wanaamini wanachosema, kama mimi nilivyoamini, na huyo ndiye anayekupoteza kirahisi, maana sauti yake haina wasiwasi. Basi muulize tu kwa heshima alikuwa amesimama wapi, alifika na nani, na alikula kwa nani. Atakayekasirika, subiri kidogo kabla hujarudia maneno yake.

Nikuambie pia, hata Shija nilimhoji. Ndiyo, nilikula kuku wake na bado nikamuuliza mpira ulipitaje. Akasema ulimgonga kwenye vidole vilevile ukaingia, na kwamba hata kama vingekuwa vizima pengine asingeudaka, kwa sababu ulipigwa vizuri. Nilipenda jibu hilo. Mtu anayetaka kukudanganya asingemsifia mpigaji.

Kama unasoma kwa kasi yako ya siku zote, hapa ulipofika basi linaikaribia Samuye. Inua macho, utazame upande wa kushoto, nyumba ya bati jekundu yenye zizi mbele. Nilimwambia Shija utapita. Alisema atakuwepo kukupungia mkono, na kwamba utaujua.

Ukishampungia, rudi hapa, maana nina ombi. Nilitaka nikupe zawadi ya safari, na badala yake nakupa mzigo, nisamehe. Mama yako nilimwambia jana. Alisema, "Mtoto ataambiwa na wewe, si na mimi." Na asubuhi mfuniko ulipomponyoka alisema, "Baba Minza huyo." Kwa hiyo ujue kuwa tangu leo vikombe vya nyumba hii vinadondoka kwa jina langu.

Kile ulichoandika usikitupe. Umeandika vizuri, ila chanzo chako kilikuwa kibovu, na chanzo ni mimi. Kaseti icheze hewani, wasikie nilivyokuwa na uhakika. Halafu nipigie simu palepale, kipindi kikiendelea. Usinitambulishe kama shujaa wako. Sema ni mtangazaji wa zamani wa Masumbwe, na kwamba ni baba yako, wajue una skafu. Nikianza kuzungukazunguka kama MC, nikatize. Mama yako ameshakuonyesha inavyofanywa. Usinionee aibu, na usinionee huruma mpaka simu ikatike.

Samuye watakuwa wamefungulia redio, Limi amekaa katikati yao. Mimi nitakuwa hapa kwenye meza hii, simu mkononi, nimeshakunywa maji. Niulize swali moja tu, mwanangu, lile la Shija. Niulize nilikuwa nimesimama wapi.

Baba yako,
mwenye michembe kidogo aliyoiba kwenye begi lako.